Saa ya Mfukoni ya Kimarekani na Njia Moja ya Reli

Zegereni ni mahali katika Kibaha, upande wa magharibi wa Dar es Salaam, katika nchi iliyoitwa zamani Uzaramo, na ambayo kwa miaka mingi mambo yake ya serikali yalikatwa Kisarawe. Siku hizi jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya viwanda. Si mbali na hapo hupita Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ikienda kwa Soga na Ruvu kuelekea Morogoro na bara.

Jua la Zegereni si jua la Dar es Salaam. Maneno haya yaweza kudhaniwa kuwa mzaha, lakini ni hesabu. Dunia huzunguka digrii 15 kwa kila saa moja, maana yake digrii 1 kwa dakika 4. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Zegereni ni zaidi ya robo ya digrii. Basi jua likiwa limefika upeo wake wa mchana kwa mtu aliyesimama bandarini, halijafika upeo huo kwa mwenzake aliye Zegereni. Huyu atalingoja kwa dakika moja na zaidi kidogo. Dakika hiyo haijapata kumdhuru mtu. Mkulima wa muhogo haimshughulishi, wala jogoo hawiki kwa kuihesabu, na vizazi vingi viliishi na kufa bila kuwa na haja ya kuijua.

Lakini katika karne ya 19 zilianza kutengenezwa Marekani saa za mfukoni ambazo zingeweza kuitambua. Saa bora za namna hiyo ziliruhusiwa kukosea nukta 30, yaani nusu dakika, katika wiki nzima. Mtu angaliirekebisha mojawapo kwa adhuhuri ya Dar es Salaam, akasafiri nayo mpaka Zegereni, akaipima tena kwa kivuli cha jua, saa ingalimpa habari ya umbali aliosafiri. Kwa nini binadamu alihitaji chombo chenye ukali kiasi hicho katika mfuko wa kizibao, na kwa nini chombo hicho kilitukuzwa katika reli za Marekani kuliko kilivyotukuzwa katika reli ipitayo Soga, ni maswali mawili ambayo jawabu lake ni moja.

Haifai kudhani kwamba watu wa pwani walikuwa hawana saa kabla ya kuletewa. Hesabu ya Kiswahili huanza kuche na kuanza tena jua lichwapo. Saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu kucha, na saa moja ya usiku ni saa moja tangu kuchwa. Hesabu hii isingefaa katika nchi za kaskazini, ambako mchana wa kiangazi hurefuka sana na ule wa baridi hukatika mapema. Hapa karibu na ikweta tofauti kati ya mchana mrefu wa mwaka na mchana mfupi haifiki saa nzima, na kwa hiyo hesabu ya jua na hesabu ya mashine zaweza kupatana mwaka mzima bila ugomvi mkubwa. Mswahili aliyenunua saa ya Kizungu hakulazimika kuibadilisha uso. Akrabu ndogo ikielekea 7 alisoma saa moja. Ikielekea 1 alisoma saa saba. Jicho liliona tarakimu moja na ulimi ukatamka nyingine, na mtoto alijifunza jambo hilo kama ajifunzavyo kutembea.

Saa zilizofika mwanzo katika visiwa na pwani zilikuwa za pambo kama zilivyokuwa za kazi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ametaja saa miongoni mwa mapambo ya vyumba vya wakubwa wa Unguja, pamoja na vioo na vyombo vya kaure. Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib, iliyomalizika mwaka 1883, mnara wa saa ulisimama mbele yake. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na baadaye jumba lenyewe likapewa mnara. Mnara huo wa pili nao ulianguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020.

Bara, saa ilikuwa na kazi nyingine. Wasafiri wa Kizungu waliichukua ili wajue walipo, kwa maana tofauti ya wakati ndiyo tofauti ya mahali, kama dakika ile ya Zegereni inavyoonyesha. Mchukuzi aliyejikwaa na sanduku la saa aliweza kulihamisha ziwa katika ramani bila kujua. Maelezo ya siku za mwisho za David Livingstone yana tukio dogo linalofaa kukumbukwa na kila atakayeandika historia ya saa katika Afrika ya Mashariki. Katika siku ya mwisho ya Aprili 1873, katika kijiji cha Chitambo, Livingstone hakuwa na nguvu za kuishika saa yake na kuitia ufunguo. Alimwita Susi ailete, akamwelekeza namna ya kuweka mkono, saa ikalala katika kiganja cha Susi, na mgonjwa akazungusha ufunguo polepole. Kabla ya jua kupanda kesho yake alikuwa amekufa. Susi na Chuma na wenzao wakaichukua maiti mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Saa za zama hizo zilitiwa ufunguo kwa ufunguo hasa, kipande cha chuma kilichochukuliwa mbali na saa na kilichopotea upesi. Na hapa ndipo Wamarekani walipokuwa wakianza kubadilisha mambo.

Uhusiano wa Uzaramo na jimbo la Massachusetts, ambako saa hizo zilizaliwa, ni wa zamani kuliko saa zenyewe. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said kwa niaba ya Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, alikuja Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba zilizoitwa merikani, jina ambalo halijatoka katika lugha hata leo, na zilichukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilichimbwa ardhini, katika nchi ya nyuma ya pwani, na Uzaramo ulikuwa miongoni mwa machimbo yake mashuhuri. Ilikuwa ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe. Ilisafishwa Salem, kisha ikafanywa vanishi ya kung'arisha magari ya farasi na samani. Mchimbaji hakuiona Salem na msafishaji hakuuona Uzaramo, lakini mikono yao iligusa kitu kimoja.

Katika jimbo hilohilo, umbali wa safari fupi kutoka Boston, uko mji wa Waltham. Huko mwaka 1814 kiwanda kimoja kilianza kusokota pamba na kuifuma kwa mashine chini ya paa moja, na mfano wake ukaenea katika viwanda vilivyofuata, ambavyo ndivyo vilivyotoa nguo za namna ya merikani. Miaka 40 baadaye, mwaka 1854, kiwanda cha saa kilihamia Waltham kutoka Roxbury, ambako Aaron Dennison na Edward Howard walikuwa wamekianzisha. Fikira ya Dennison haikutoka katika vitambaa, ilitoka katika bunduki. Aliona katika ghala ya silaha ya serikali huko Springfield kwamba kila kipande cha bunduki kilitengenezwa kwa mashine, kikawa sawasawa na ndugu zake wote, hata kikivunjika kimoja chaweza kutolewa na kutiwa kingine bila kupigwa tupa. Akauliza kwa nini isiwe hivyo kwa saa.

Uingereza na Uswisi saa njema ilikuwa kazi ya mikono mingi katika nyumba nyingi: huyu alikata magurudumu, yule alitengeneza kamani, wa tatu alizipatanisha. Kila saa ilikuwa na tabia yake, na fundi aliyeitengeneza ilipovunjika alilazimika kuchonga kipande kwa ajili yake peke yake. Waltham waliweka mashine mahali pa desturi hiyo, na wafanyakazi wengi waliozisimamia walikuwa wanawake. Kufikia maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, Waswisi waliokwenda kutazama walirudi kwao na hofu. Mmoja wao, Edouard Favre-Perret, aliwaambia wenzake waziwazi kwamba wameachwa nyuma, na saa ya Waltham aliyokuja nayo ilipimwa na mafundi wa Uswisi wakastaajabu. Mwingine, Jacques David, aliandika taarifa ndefu juu ya viwanda vya Marekani, na Waswisi wakaifuata taarifa hiyo kwa bidii hata mwisho wakawashinda waliowaigiza. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Yafaa kueleza hapa ni kitu gani kilichokuwa ndani ya saa hizo, kwa sababu thamani yao ilikuwa ndani. Mmarekani aliyetaka saa njema alinunua vitu viwili: kwanza mashine, na pili kasha la kuitia. Kiwanda kilitengeneza mashine kwa vipimo maalumu, na kiwanda kingine kikatengeneza makasha kwa vipimo hivyohivyo. Mnunuzi akachagua kwa muuza saa mashine aitakayo na kasha aliwezalo, la dhahabu, la fedha au la nikeli. Mashine ya daraja la juu yaweza kukaa katika kasha duni, na mashine duni katika dhahabu, na mtazamaji wa nje asijue.

Anayefungua kifuniko cha nyuma huona kwanza sahani za nikeli zilizotiwa nakshi ya mistari na mawimbi, ambayo huchezacheza mwanga unapogeuzwa. Nakshi haiongezi usahihi hata kwa nukta moja. Ilitiwa kwa fahari. Kisha huona vito. Vito hivyo ni yakuti na mawe ya jamaa yake, vimetobolewa, na katika saa bora vimekazwa ndani ya pete ndogo za dhahabu. Ncha za mihimili ya magurudumu huzunguka ndani yake, kwa sababu feleji ikisuguana na shaba hula na kuliwa, bali ikisuguana na jiwe gumu lililotiwa mafuta kidogo huenda miaka mingi bila kuchakaa. Saa njema ilikuwa na vito 17. Saa bora 21 au 23. Kuzidi hapo ni kujionyesha.

Roho ya mashine ni gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Limefungwa katika kamani nyembamba kama unywele, na katika saa hizi hufanya mapigo 5 kwa kila nukta, yaani 18,000 kwa saa, na zaidi ya milioni 3 kwa wiki. Nukta 30 za makosa ni mapigo 150 katika hayo milioni 3. Adui wa gurudumu hili ni wawili. Wa kwanza ni joto, kwa kuwa kamani ikipata joto hulegea na saa huchelewa. Mafundi walilitibu jambo hili kwa kuitengeneza duara ya gurudumu kwa madini mawili yaliyounganishwa, feleji kwa ndani na shaba ya manjano kwa nje, na kuikata sehemu mbili. Joto likizidi, shaba hutanuka kuliko feleji, nayo mikono ya duara hujikunja kuelekea ndani, gurudumu likapungua upana na kuharakisha kwa kiasi kilekile ambacho kamani ingelichelewesha. Skrubu ndogo zilizopangwa ukingoni zilihamishwa shimo hadi shimo mpaka hesabu ikatimia. Adui wa pili ni uzito. Saa iliyolala mezani haiendi sawa na iliyosimama mfukoni. Kwa hiyo mtengenezaji aliipima ikiwa imelala kwa mgongo, imelala kwa uso, na imesimama kwa pande tatu, akairekebisha mpaka pande hizo tano zikakubaliana. Kazi hii ya mwisho haikuweza kufanywa na mashine. Ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa, na ndiyo iliyoitenga saa ya daraja la juu na ndugu zake, ijapokuwa vipande vyao vilitoka katika mashine moja.

Viwanda vingine vikaifuata Waltham. Elgin, karibu na Chicago, ilitoa saa yake ya kwanza mwaka 1867 na kuiita B. W. Raymond kwa heshima ya mtu aliyepata kuwa meya wa Chicago. Iliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Illinois ya mji wa Springfield ilitoa Bunn Special, Waltham yenyewe ikatoa Crescent Street na Vanguard, na Hamilton ya Lancaster katika Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1892, ikatoa namba 992, ambayo pengine hakuna saa iliyopendwa na watu wa reli kuliko hiyo. Upande mwingine kabisa alisimama Ingersoll, aliyeuza tangu miaka ya 1890 saa kwa dola moja, isiyo na kito hata kimoja, ambayo ilienea duniani kwa wingi usiohesabika. Mtu maskini alipata saa, hakupata usahihi.

Kwa nini basi reli? Mpaka mwaka 1883 miji ya Marekani ilifuata kila mmoja jua lake, na makampuni ya reli yalikuwa na nyakati zao zaidi ya 50. Tarehe 18 Novemba mwaka huo makampuni hayo yaliigawa nchi katika kanda chache za wakati, na miji ikatakiwa kuyafuata. Lakini kupatana juu ya wakati si kuutunza. Njia nyingi za Marekani zilikuwa za reli moja, ndefu, zenye stesheni chache, na treni mbili zilizoelekeana zilipishana mahali palipoandikwa katika ratiba. Dereva alisoma: fika mahali fulani kabla ya dakika fulani, uingie njia ya pembeni, ungoje. Hakuna aliyemzuia akikosea. Mlinzi wa pekee kati yake na treni iliyokuwa ikija alikuwa ni saa aliyoivaa.

Mwezi wa Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, katika jimbo la Ohio, na makarani wa posta na madereva walikuwa miongoni mwa waliokufa. Kwa habari iliyoenea, saa ya dereva mmoja ilisimama dakika 4, kisha ikaendelea yenyewe kana kwamba haikutokea kitu. Webb C. Ball, sonara na muuza saa wa Cleveland, aliitwa kuchunguza, na kutoka hapo zikatoka kanuni za saa za reli. Katika sura yake iliyokamilika kanuni ilidai uso ulio wazi bila kifuniko, wenye tarakimu nyeusi kubwa. Vito visivyopungua 17. Marekebisho ya joto na ya pande tano. Makosa yasiyozidi nukta 30 kwa wiki. Akrabu zisiweze kusogezwa kwa kuvuta kidude cha kutilia ufunguo, ila kwa wenzo mdogo uliofichwa chini ya kioo, ili mtu asije akaibadilisha saa yake bila kukusudia. Na mara kwa mara kila mmoja aipeleke saa yake kwa mkaguzi, ikalinganishwe na kuandikiwa cheti.

Wapendao saa huisimulia habari hii kama ushindi wa fundi. Ni ushindi kweli. Lakini ina upande usiosimuliwa sana. Dereva na gadi walilazimika kuinunua saa hiyo kwa mshahara wao wenyewe, na kuitengeneza kwa mshahara wao wenyewe, na wasiyokuwa nayo hawakupewa kazi. Kampuni iliyotandaza njia moja pasipo ishara za kutosha iliuhamisha usalama wa abiria kutoka katika vitabu vyake vya gharama ukaingia katika mfuko wa mfanyakazi. Uzuri wa mashine hizo, vito vyake na dhahabu yake, ulilipiwa kwa njia hiyo. Anayeitazama Hamilton 992 leo na kuvutiwa na kazi yake hatazami chombo cha anasa. Anatazama kitu ambacho mtu wa makaa na moshi alikilipa kwa mafungu ya mwezi ili asije akaua watu.

Waingereza walikuwa wamekabiliwa na swali hilo miaka miwili kabla, wakajibu vingine. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, treni ya watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima. Mabehewa ya nyuma yakafunguliwa, yakarudi nyuma yenyewe kwa mteremko, na kukutana na treni iliyofuata. Treni ya pili ilikuwa imeruhusiwa kuondoka kwa sababu moja tu, kwamba dakika zilizowekwa baina ya treni na treni zilikuwa zimepita. Watu 80 walikufa. Mwaka huohuo bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyolazimisha kila reli ya abiria iigawe njia katika vipande, na treni isiingie katika kipande mpaka ijulikane kwamba kitupu. Na iliyolazimisha pia breki zilizoungana mabehewa yote. Mwamerika aliambiwa atunze saa vizuri zaidi. Mwingereza aliambiwa asiiamini saa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule wa kuanza kwa Maji Maji, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilikuwa na upana wa mita moja, na ilikuwa njia moja. Urefu wake, zaidi ya kilomita 1,200, ulitosha kuifanya hesabu ya jua isifae tena kwa watu wote kwa pamoja, kwa maana jua la Kigoma huchelewa kiasi cha dakika 39 nyuma ya jua la Dar es Salaam. Kama kila stesheni ingalifuata kivuli chake, treni ingalipoteza dakika moja kila kilomita 30 hivi ikielekea magharibi. Hapo ndipo dakika ya Zegereni ilipofutwa. Haikufutwa na mtu kwa jina; ilifutwa siku stesheni zote zilipoafikiana juu ya wakati mmoja.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza njia hiyo iliingia mikononi mwa Waingereza, nao walikuja na desturi yao. Stesheni masta wa Soga hakumruhusu dereva kuondoka kwa kuitazama saa. Alimwuliza mwenziwe wa mbele, kwa simu ya mdomo au ya waya, kama njia ni tupu. Akijibiwa ndiyo, alimkabidhi dereva hati au alama ya kuingia njiani, na bila kitu hicho mkononi dereva alikaa palepale hata kama saa yake ilimwambia amekwisha kuchelewa. Saa ilikuwapo, ukutani na mfukoni, na dakika ya kila treni iliandikwa kitabuni. Lakini maisha ya watu hayakuning'inia katika akrabu zake. Dereva wa Tanganyika aliweza kuvaa saa ya kawaida na bado abiria wake wakafika, jambo ambalo dereva wa Ohio hakuliweza.

Hii ndiyo sababu mashine za daraja la juu za Kimarekani, zilizokuwa chombo cha lazima kwao, kwetu hazikuwa sharti la kazi. Wako watakaosema kwamba ni kwa sababu ya umaskini wetu. Umaskini ulikuwapo, lakini si jawabu la swali hili. Nchi yenye fedha iliyachagua matengenezo ya saa kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa kampuni. Reli yetu ikarithi matengenezo ya ruhusa. Katika jambo hili lililo moja, na si katika mengine mengi ya utawala ule, tulichorithi kilikuwa bora.

Si kwamba hati inazuia kila msiba. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu karibu na Dodoma, katika reli hiyohiyo, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa mteremko pasipo breki za kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 walikufa. Anayekumbuka Armagh ataona kwamba sheria ya mwaka 1889 ilitaja mambo mawili, kipande kitupu na breki, na kwamba la pili halina badala yake katika saa wala katika karatasi.

Saa zenyewe zimekwisha kuwa vitu vya makusanyo. Saa ya mkononi, iliyopata umaarufu katika mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliiondoa ya mfukoni polepole. Waltham ilikoma kutengeneza saa mwaka 1957, na Hamilton ikaendelea na namba 992B, mwana wa 992, mpaka mwisho wa miaka ya 1960. Mkosi mwingine uliozipata ni ule mgawanyo wa mashine na kasha. Kila dhahabu ilipopanda bei, makasha yaliyeyushwa kwa uzito wake, na mashine zikatupwa masandukuni uchi, bila kioo wala kifuniko. Ndiyo maana wakusanyaji wa leo hununua mara nyingi mashine tupu. Vumbi limeingia na mafuta yameganda, lakini fundi saa akiisafisha na kuitia kamani mpya, gurudumu la mizani huanza tena mapigo yake matano kwa nukta. Namba iliyochorwa katika sahani hulingana na vitabu vya kiwanda vilivyobaki, na mwenye mashine aweza kujua ilitengenezwa mwaka gani, ijapokuwa haijulikani iliwahi kukaa katika kizibao cha nani.

Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme za reli mpya huchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, zikipita Pugu, Soga na Ruvu kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, zile nukta 30 za ruhusa ya wiki ni zaidi ya kilomita moja na robo. Hakuna anayezihesabu kwa saa ya mfukoni. Mitambo ya ishara huuliza na kujibu yenyewe kama kipande kilicho mbele ni kitupu. Ratiba huandikwa kwa hesabu ya Kizungu, na abiria wa Soga aliyekata tiketi ya 07:00 humwambia mwenyeji wake kwamba treni ni ya saa moja.